Wale wa Kamba

Neno lenyewe ni kafone.
Litamke koo likiwa wazi
utasikia komeo la zizi likianguka.

Nililisikia mezani kwa wakili Ottavio, Napoli,
ghorofa ya tatu,
usiku ule fundi bomba alipozuiwa na mvua
akakaribishwa chakula,
akaipangusa sahani kwa mkate
mpaka maua yaliyochorwa chini yakachanua.
"Kafone," akanong'ona Donna Immacolata,
na neno likazunguka meza pamoja na chumvi.
Fundi alisikia. Aliendelea kutafuna.

Mimi hakuna aliyenitazama.
Uma nimeushika nilivyofunzwa,
miaka tisa nanakili wasia wa marehemu wenye mali,
na lafudhi ya Bisaccia nimeimeza
kama kokwa ya zabibu.

Maana yake? Mshamba.
Neno lenye udongo kwenye kucha.
Anayecheka magego yote nje,
anayepenga kamasi kwa vidole,
anayewapigia kelele za salamu watu asiowajua
toka ng'ambo ya barabara.

Mwalimu Eriberto,
aliyefundisha Kilatini hadi nyusi zikaota mvi,
akatua glasi.
"Na mnajua lilikotoka? *Ko' 'a fune.* Na kamba.
Zamani walishuka milimani kuja sokoni
wameishika kamba moja, huyu nyuma ya huyu,
wasipotezane katika mji huu wetu.
Mji ukachungulia ukauliza, ni akina nani?
Ukajijibu: wale wa kamba."

Wakacheka, wengine hadi machozi.
Binamu wa wakili akasema la, kamba ilikuwa kiunoni,
hawakuwa na mkanda.
Wakili akasema yeye alisikia ni kitenzi cha kuchimba,
neno la jembe;
tena wapo wanaomtaja askari fulani wa Roma
aliyegawiwa mashamba ya watu, akayala kama nzige.
Mwalimu akainua mabega:
"Basi huenda hii yangu nayo ni kamba tu."

Kamba.
Naijua. Ilikuwa ya katani, nene kama kidole gumba,
baba yangu Sabino aliisokota mwenyewe
wakati theluji imeziba mlango.
Ilifunga godoro, ilifunga sufuria ndani ya godoro,
na kipande kilichobaki, kituoni,
alinifunga nacho kifundo cha mkono,
ncha ya pili akajifunga yeye.
Nilikuwa na miaka sita.
Watu wenye kofia walisimama kututazama.
Nilidhani wanaitazama kamba kwa uzuri wake.

Sikupotea.

Sikuyasema hayo mezani.
Nilikunja kitambaa pembe nne, nikaaga kwa sauti ndogo,
nikaona mikono yangu njia nzima.

Asubuhi mvua imekatika. Nikafungua dirisha.
Mtaa wote ulikuwa unashusha vikapu:
kamba ya nailoni, kamba ya viatu iliyoungwaungwa,
kamba ya kuanikia bado ina kibanio kimoja,
na mbele yangu, nywele zimeviringwa kwenye vibanio vya chuma,
Donna Immacolata kajipinda juu ya kizingiti
anamwita mwoka mikate:
"Gaetano! Kilo moja! Ule wa kafone!"

Maana ndivyo wauitavyo hapa,
mkate wenye ganda gumu, moyo wa mashimo,
unaokaa siku nne bila kununa.
Hawaupendi mwingine.

Kikapu kikapanda, kikagonga ukuta, kikazunguka.
Alikivuta mkono juu ya mkono,
sawasawa na baba kisimani,
hata ule mguno mdogo mwishoni.

Nikajaza kifua.
Nikampigia salamu ng'ambo ya barabara,
kwa Kibisaccia, meno yote nje,
yeye, na Gaetano,
na mtu mmoja nisiyemjua aliyekuwa anapita na baiskeli,
akanijibu.